Tope Lililooshwa kwa Sabuni

Kiwandani walimwita Dada Kichocheo, kwa kuwa miezi kumi na moja hakuwa na wimbo mwingine. Mafuta yakishasafishwa, sakafuni mwa matangi hubaki tope jeusi, zito, lenye harufu ya kukata pumzi. Kulitoa ilikuwa kazi ya wanaume wenye mabeleshi, na mmoja wao alikuwa kaka yake. Kila akitoka tangini alikohoa mpaka akashika ukuta. Daktari wa kiwanda, bingwa asiye na mfano, alimwandikia anywe maji mengi.

Dada mtu aligundua kwamba tope hilo likitiwa dawa ya majimaji, kisha unga wa chuma kama kichocheo, huvunjika lenyewe: mafuta huelea, mchanga hutua, pampu humaliza kazi. Jaribio likifaulu Alhamisi mbele ya mkaguzi wa usalama, hakuna ambaye angeingia tangini tena. Likishindikana, kaka yake angeingia Jumamosi.

Alhamisi alikuta pipa lake la tope linanukia ndimu.

"Bosi, nani kaligusa pipa langu?"

"Mimi," meneja akajibu kwa fahari. "Nimeagiza lioshwe kwa sabuni. Utamwonyeshaje mgeni uchafu mchafu?"

"Sabuni na dawa hii ni povu tupu, bosi. Tuchote tope jingine."

"Usinitie aibu, binti. Mgeni yuko mlangoni. Endelea."

Akaendelea. Unga ulipozama, povu likaumuka, likafurika, likamfuata meneja kwa adabu zote hadi kwenye viatu vyake vipya.

Mkaguzi, mama wa makamo asiyechekacheka ovyo, akafunga daftari. "Kufua hata mimi nafua nyumbani."

Meneja akamkazia macho Dada Kichocheo: nyamaza, ubaki na kazi yako. Dada akaiwaza Jumamosi.

"Mama, tope hili limeoshwa kwa sabuni, kwa amri ya bosi. Naomba ndoo moja ya tope ambalo halijaoga."

"Liko wapi?"

"Tangini. Twende ukalione."

Mkaguzi aliinamia mlango wa tangi, akarudi nyuma upesi huku machozi yakimtoka. "Humu wanaingia watu?"

"Kaka yangu, keshokutwa."

Ndoo ikashushwa kwa kamba, ikapanda imejaa, ikatiwa dawa na unga. Safari hii tope lilichemka kidogo, likatulia, na baada ya saa moja mafuta yalikuwa juu, mchanga chini. Mkaguzi akasaini amesimama: ni marufuku mtu kuingia tangini.

Ripoti ya kiwanda ilimpongeza meneja kwa ubunifu wake wa kuthibitisha, kwa vitendo, madhara ya sabuni. Kichocheo kilitajwa kwenye ukurasa wa tisa.

Jumamosi kaka mtu aliwasha pampu akiwa nje, kwenye upepo. Haikupita nusu saa akaanza kulalamika kwamba jua ni kali.

"Pole sana, kaka," dada yake akamwambia. "Tangini kuna kivuli."