Bia Isiyoonjwa na Mwenyewe

Nilitoka Bungoma asubuhi nikiwa nimeshakasirika. Ndugu yangu mkubwa, ambaye hajakanyaga kwangu miaka, alikuwa amenipigia simu niende Kitale nikamwonjee bia. Amefungua kiwanda kidogo nyuma ya nyumba yake, na leseni ameitundika ukutani kama picha ya harusi. Wateja wake wa kwanza, watu wa hoteli, walikuwa wanakuja saa nane mchana. Alitaka kujua kama bia inafaa, na kwetu mwenye ulimi ni mimi.

Nilipofika alinimiminia glasi, akaanza kunifundisha. Ati hii ni laga ya kaharabu. Rangi yake, ambayo mimi niliiona ya chai ya strungi isiyo na maziwa, inatokana na kimea cha shayiri alichokikaanga mwenyewe. Hamira yake hufanya kazi kwenye baridi, polepole, wiki baada ya wiki, ndiyo maana ladha hutulia: utamu wa kimea mbele, uchungu kidogo nyuma. Akaniambia ninuse kwanza. Nilinusa.

Ulikuwa ukoko. Ilikuwa harufu ya bati la mama kule Kamukuywa, akikaanga unga uliochacha ili apike pombe ya busaa, akiugeuza kwa koleo mpaka uwe wa kahawia huku moshi ukimtoa machozi. Busaa hiyo ndiyo iliyomsomesha huyu bwana. Alipookoka, akiwa kidato cha nne, alikipiga teke chungu cha mama mbele ya majirani, busaa ikamwagika, akasema ni maji ya shetani. Mama aliokota vigae. Mimi nilimrukia ndugu yangu, tukatenganishwa.

Sasa anauza ukoko uleule kwa glasi.

Nikamrudishia glasi yake. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone haina baya, ndipo naye anywe.

“Onja wewe kwanza,” nikamwambia.

“Si unajua mi niliokoka.”

Nikanywa mwenyewe. Nilijua mara moja kilichoharibika. Kimea kilikaa motoni bila kugeuzwa, kikaungua upande mmoja, na ladha ya masizi ilikuwa imekalia pale palipostahili utamu. Sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba kuna kasoro, na amuulize mwenye bati.

Alinibembeleza, akatazama saa, akanibembeleza tena. Mwishowe akampigia mama, simu ikiwa kwenye spika. Alimweleza kwa adabu zote: shayiri, hamira, wageni wa saa nane, na kwamba mimi nimekataa kusema kasoro iko wapi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

“Na wewe mwenyewe umeonja?”

“Hapana, mama.”

“Basi mwaga. Kumwaga si unajua.”

Mama akakata simu. Ndugu yangu alibaki ameishika mkononi, macho kwenye pipa lake. Mimi niliimaliza ile glasi, masizi na yote. Nilifurahi, na mpaka leo sijatubu.