Kichwa Hakina Neno

Mimi ni fundi wa mapazia, na ulimi wangu ni mkali, hilo majirani watakwambia. Lakini tangu mzee wangu afariki na binti yetu ahamie ng'ambo kwa mumewe, sina wa kugombana naye. Jioni nikizima cherehani, nyumba inakuwa kimya mpaka nasikia friji ikinguruma. Upweke unaniuma, sifichi.

Basi hospitali ikatangaza inatafuta wazee wa kupigwa picha za ubongo. Walikuwa wanaifundisha kompyuta kutambua dalili za ugonjwa wa kusahau mapema, kabla mwenyewe hajajishtukia. Nikaenda. Lile tundu la mashine linagonga kama mafundi bati wamegombana, lakini dada wa picha anakuuliza kwa kipaza sauti, "Mama, uko sawa humo?" Jamani! Nililia mle ndani, na kichwa kimebanwa, hata kujifuta siwezi.

Halafu nikasikia kwamba watakaotiliwa shaka ndio watakaoitwa tena kila mwezi. Wazima, asante, kwaheri.

Kwenye maswali ya kumbukumbu nikajifanya hamnazo. Daktari akanitajia maneno matano, nikamrudishia mawili. Akaniambia nichore saa, nikaichora haina mishale. Akanitazama kwa huruma, nami nikatoka hapo najipongeza.

Siku ya majibu nilivaa gauni langu la kuendea harusi. Daktari alinipokea kwa tabasamu.

"Mama, ulitutia hofu. Lakini kompyuta imelinganisha ubongo wako na wa maelfu ya watu, haijaona dalili yoyote. Nadhani siku ile ulikuwa na woga tu."

"Ipige tena hiyo picha. Mashine gani hiyo haijui kitu?"

Akacheka. "Wenzako wanaomba Mungu wapate majibu haya, wewe unagomba?"

"Nasahau, daktari. Nakwambia nasahau!"

"Hongera, mama. Huna haja ya kuja tena."

Hongera! Nilitamani kumzaba kibao. Nikabaki pale pale kitini.

Dada wa picha akaingia, simu mkononi, amefurahi kweli kweli. "Mama, tumpigie nani tumpe habari njema?"

Binti yangu huwa hapokei. Nikafikiri, nikafikiri, kisha nikamtajia namba bila kukosea hata tarakimu moja. Akapiga. Simu ikaita ndani ya mkoba wangu, nikaitoa, nikaipokea.