Panya Buku Aliyetulisha

Wali ukianza kuiva, watu hutabasamu. Mimi chini ya harufu ile husikia nyingine, ya udongo mbichi na mkojo wa panya, na najua ninyi mtashangaa, kwa hiyo niwasimulie.

Nilizaliwa Kinole, huko mlimani, enzi za Mjerumani. Vita vilipopamba moto, askari wake walipanda kwetu wakamchukua baba akawe mpagazi. Walimfunga kamba shingoni pamoja na wenzake. Kisha wakakomba chakula cha kijiji kizima, wakakirundika kwenye ghala lao, juu kidogo ya migomba yetu. Nyumbani tukabaki mama, bibi mzaa mama, na mimi, tukila mizizi ya mgomba.

Asubuhi moja mama alikuwa akichimba mizizi hiyo, jembe likatumbukia shimoni. Ndani palikuwa na chumba kidogo kikavu, kimejaa mahindi na mchele mweupe uliokwisha kukobolewa. Bibi aliutazama mchele, akalitazama ghala la askari, akacheka mpaka akapaliwa.

"Panya buku huyo," alisema. "Ana mifuko ndani ya mashavu. Anapakia kule, anakuja kushusha hapa."

Mwenyewe tulimkuta chumba cha pili, mkubwa kama paka, mkia nusu mweusi nusu mweupe. Alipepesa macho tu, maana mchana haoni vizuri. Bibi akainua jembe, kwa kuwa nyama ile kwetu iliheshimika. Mama akamdaka mkono.

"Mwache, mama. Ukimuua, kesho tutakula nini?"

Alichota nusu, nusu akaiacha, akafunika shimo kwa majani. Panya akikuta akiba yake yote imekwenda, alisema, atahama.

Tangu hapo tulikuwa tukirudi kila baada ya siku chache, na chumba tulikikuta kimejaa tena. Mara moja tulikuta na kifungo cha shaba cha koti la askari. Bibi alikizika upesi, huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Harufu ya wali ndiyo iliyotuponza. Askari mmoja aliinusa akipita njiani, akaingia uani na kufunua chungu.

"Mchele huu mmeupata wapi?"

"Kwa panya, bwana askari," mama alijibu.

Alidhani anafanyiwa mzaha, akainua kiboko. Mama ikambidi ampeleke. Askari alichungulia lile shimo, akampiga panya kwa kitako cha bunduki, akajaza mchele kofiani mwake.

"Nyama yenu hiyo," alisema, akaondoka.

Mama akaketi ukingoni mwa shimo akalia kwa sauti. Hakulia vile hata siku baba alipochukuliwa, na mimi nikaona aibu: mtu mzima anamlilia panya! Bibi alimbabua yule panya, akambanika, tukala. Mama naye alikula, machozi yakimtiririka.

Baba hakurudi. Miaka mingi baadaye, nikiwa na wanangu, njaa nyingine ilitufika, na jioni moja nikajikuta nimesimama mbele ya jiko baridi, nikisikiliza kama kuna mtu anakuja. Hapo ndipo nilipomwelewa mama. Katika vita vile alinyang'anywa mara mbili aliyekuwa akituletea chakula nyumbani, na mara ya kwanza hakupata nafasi ya kulia.