Bikira Nyuma ya Geti

Kiongozi wa shirika letu pale Bungulu, mjini Beni, alikuwa mfanyabiashara wa mafuta na vitenge, na alikuwa na geti la chuma. Mtaa mzima hapakuwa na lingine. Alilifunga kwa mnyororo, kisha akatufundisha kumtegemea Mungu. Siku za vita nilimchukia baba yule kuliko nilivyowachukia askari, maana askari hawakuwahi kuniambia kwamba wananipenda katika Kristo.

Shirika ni zile familia jirani za Kikatoliki zinazokutana kusali. Letu lilikuwa na sanamu ya Bikira Maria iliyopita nyumba kwa nyumba, kila nyumba wiki yake. Kabla ya vita watu waliipokea kwa adabu na kuisahau kabatini. Vita vilipoingia Beni, kila mtu aligundua ghafla kwamba anampenda mno Mama Maria. Sababu ilijulikana: ilipolala sanamu, shirika zima lililala hapohapo likiimba na kusali, na wale askari waliovunja milango mtaani hawakuipenda nyumba iliyojaa watu. Waliipenda nyumba kama yangu.

Mume wangu alikuwa amekwenda Mutwanga kununua kahawa, barabara ikafungwa nyuma yake. Nilibaki na mama yake, aliyekuwa amepooza miguu. Majirani wengi waliposikia risasi walikimbilia porini. Mimi nilikaa, kwa sababu sikuweza kumbeba mama mkwe wala kumwacha. Niliingoja zamu yangu ya sanamu kama mgonjwa anavyongoja dawa.

Zamu ikafika, sanamu haikuja. Wiki ikapita, na nyingine tena. Nikaenda kwa kiongozi, ambaye sanamu ilikuwa kwake. Hakunifungulia, tulizungumza yeye akiwa ndani na mimi nje, naye alitumia sauti yake ya kusomea masomo kanisani.

“Mama, Bikira hapana weza kutembea mu hii barabara. Basoda banaweza kumuvunja. Hapa kuko sécurité.”

Nilimuuliza kama huyo Mama aliyemkimbiza mtoto wake mpaka Misri sasa anaogopa kuvuka mtaro wa Bungulu. Akasema ataniombea. Nadhani aliniombea kweli, maana kuomba nyuma ya geti ni kazi nyepesi.

Nilirudi nikilia kwa hasira, nikamsimulia jirani yangu muuza makaa. Hakunipa pole. Jioni alikuja na mkeka wake, nyuma yake mama mwingine na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, halafu wengine na watoto migongoni. Kwa mazoea nilitandika kitambaa cheupe kwenye meza ya sanamu, na juu yake hapakuwa na kitu. Mikeka ilipokosa nafasi, mama mkwe, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akasema meza itolewe nje kwa kuwa haina mtu. Tukaitoa. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Askari walipita, wakasikia, wakaendelea na safari yao. Sijui walimwogopa Mungu au makelele yetu. Mimi namshukuru Mungu, maana ndiye aliyewapa wale mama miguu ya kuja, na walikuja kila jioni.

Mtaa ulipotulia kidogo, kiongozi akatuletea sanamu kwa maandamano, yeye mbele na suti iliyopigwa pasi, akiimba kwa nguvu kama mtu aliyetoka vitani. Mume wangu alikuwa bado hajarudi, na mikeka ya wale mama ilikuwa bado imetandazwa sebuleni. Kiongozi aliingia, akaitafuta meza. Ilikuwa imenyeshewa mvua nje mpaka ikaoza, nasi tulikuwa tumeipasua kuni za kupikia maharagwe. Akasimama katikati ya mikeka, amemkumbatia Bikira, jasho linamtoka, hajui akanyage wapi.

“Mama, tutamuweka fasi gani?”

Nilikuwa na majibu mengi, yote mabaya. Mama mkwe aliniwahi. Alisogea kidogo pale alipolala, akapapasa mkeka kando yake.

“Umuweke chini, baba. Hapa batu bote banalala chini.”