Aleyamma na Riwaya ya Mtume Toma

Aleyamma alisoma kwa sauti, tena akigombana. Ukipita nje ya nyumba yake alasiri, watu wakianua kambani mpira wa utomvu waliouanika, ungemsikia akifoka ndani ukadhani anamfokea mkwewe. Kumbe anamfokea mtu wa kitabuni. "Mjinga we! Unamwachaje mkeo na mvua yote hii?" Hadithi za magazeti alizimaliza, maktaba ya parokia akaikomba, mpaka Kwaresima moja wakampa kitabu kilichobaki: riwaya nene juu ya maisha ya Mtume Toma.

Sasa Toma, huku kwetu Kerala, si mtu wa mchezo. Ndiye aliyetuletea dini, na kila ukoo unaojisikia utakuapia kwamba babu yao alibatizwa kwa mkono wake. Walienea vipi wote ukingoni mwa mto ule mmoja aliobatizia, mimi usiniulize. Lakini Aleyamma alimpendea ubishi wake. Wenzake wote wameshaamini, yeye kang'ang'ana: mpaka nishike mwenyewe.

Maana mwanawe wa pekee, Kuriyan, alipanda meli ya mizigo kutoka Kochi, meli ikazama. Maiti nyingine ziliokotwa, ya Kuriyan haikuonekana. Tangu hapo, mwaka baada ya mwaka, Aleyamma aliukataa msiba. Misa ya marehemu aliikataza. Na kila Alhamisi Kuu alipika mkate wa Pasaka, ule usiotiwa chachu, wenye msalaba wa kuti juu yake. Huku kwetu nyumba iliyofiwa haiupiki mkate ule, huletewa na majirani. Kwa hiyo moshi wa jikoni kwake uliwaambia wote: hapa hajafa mtu. Walimwita Toma wa kike, naye jina hilo alilipokea kwa furaha.

Halafu kulikuwa na yale maji. Baadhi ya alasiri yeye na mkwewe walikuwa wakisikia mtu barazani akinawa miguu, maji yakimwagika, nyayo zikikung'utwa, kama afanyavyo yeyote atokaye safari. Wakitoka, hakuna mtu, ila sakafu imelowa. "Yu njiani huyo, anakuja," Aleyamma alisema, uso umemnawiri. Jessamma, mke wa Kuriyan, yeye alirudi jikoni mwili ukimsisimka.

Basi Kwaresima ile akasoma, akagombana na Toma njia nzima mpaka mtume alipochomwa mkuki akafa. Akadhani kitabu kimekwisha. Lakini mwandishi alikuwa amejitungia sura moja ya mama yake Toma, kule Galilaya. Mama hajui lolote. Kila Pasaka anamwekea mwanawe mkate, na atakayethubutu kumwombea kama maiti anafukuzwa. Hata siku moja mchuuzi wa pilipili akafika na habari za kifo, habari za zamani. Mama yule hakulia. Aliuliza tu, "Miaka yote hii, nani alikuwa akimwombea?"

Aleyamma alifumbua kinywa amgombeze. Sauti haikutoka.

Jessamma, aliyekuwa akikuna nazi, akaacha. Ukimya ndani ya nyumba ile ulikuwa kitu kigeni. "Mama, kulikoni?"

"Yule anayenawa miguu," Aleyamma alisema. "Mbona haingii?"

"Mama, tuyaache hayo."

"Tuyaache nini? Nimekuuliza. Mtu kafika kwao, kanawa, mbona haingii?"

Jessamma alitazama chini. "Anangoja aombewe, Mama. Na wewe umenikataza nisimwombee."

Hapo maji yakamwagika barazani. Polepole, mguu mmoja, kisha wa pili. Mwaka jana Aleyamma angekimbilia mlangoni. Sasa alibaki kitini, kitabu mapajani, baridi ikimpanda mgongoni, na aliogopa. Hakumwogopa aliyekuwa nje. Aliliogopa tendo lake mwenyewe, kumweka mtoto wake mlangoni miaka yote ile akidhani anamsubiri. "Ee Mungu wangu," alisema, "nimemfanya nini mwanangu?"

Alhamisi Kuu jirani yake, Raheli, alikuwa akisaga mchele na dengu za mkate alipomwona Aleyamma anaingia, shuka jeupe kichwani.

"Ehee, Toma wa kike! Umeshapika, au umekuja kuniibia ujuzi?"

"Raheli," Aleyamma alisema, "mkigawa mkate jioni, mtuletee na sisi."

Mikono ya Raheli ilisimama. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua maana ya ombi hilo. Alimtazama usoni, akitafuta utani, asiuone.

"Yesu wangu! Nani kafa, dada?"

"Kuriyan."

Raheli aliuliza lile ambalo sote huuliza mlangoni mwa mfiwa. "Lini?"

"Leo," alisema Aleyamma, akakaa chini sakafuni, penye unga, akaanza kulia.