Bibi Sheria na Kaburi la Mama

Mdogo wangu wa mwisho, watu wa mtaani kwetu wanamwita Bibi Sheria, na hawamwiti hivyo kwa mapenzi. Kazi yake ni kutunza vipepeo katika msitu wa hifadhi. Ana banda kubwa la wavu lenye miti midogo ndani, na kwenye kamba nyembamba ameninginiza vifukofuko, ambamo viwavi hugeuka vipepeo, mfano wa mtu aliyeanika nguo za mwanasesere. Kila kiwavi ana jani lake; ukimpa jingine atakufa njaa amelikalia. Mgeni akitaka kutoka, Bibi Sheria humgeuza mgongo, akamkagua kola na pindo, asije akaondoka na kipepeo. Bwana mmoja mnene alisema hata mkewe hamkagui hivyo. Mdogo wangu hakucheka. Alimwinua mkono, akatazama na kwapani.

Sisi tulizaliwa humo humo msituni, kabla hapajawa hifadhi. Mama alifia humo, tukamzika nyuma ya nyumba. Kisha tukahamishwa wote, njia zikafungwa, nyumba zikamezwa na miti. Mdogo wangu alipopata kazi pale, angali msichana, nilifurahi moyoni: angalau mmoja wetu atakuwa karibu na mama.

Mwaka huu magoti yameanza kunipa notisi. Nikaona nikichelewa sitafika tena. Nikavaa viatu vya mpira, nikamfuata mdogo wangu kazini, nikamwambia anipeleke kaburini nikamsalimie mama kabla sijamfuata.

Alinikalisha kwenye benchi, akanipa maji, akaniambia haiwezekani. Upande ule umefungwa kwa kila mtu, maana ndiko vipepeo wanakotaga, na ukikanyaga majani umekanyaga mayai. Nikamwambia mimi si kila mtu. Nikamuuliza yeye mwenyewe ameshakwenda mara ngapi.

Akasema hajakwenda hata mara moja.

Nilisimama. Miaka yote hiyo mama yuko umbali wa kuitana, na binti yake anakagua kola za wageni! Nikamtolea maneno ambayo sitayaandika hapa. Aliyapokea yote ameinamisha kichwa, mpaka nikaishiwa pumzi.

“Dada,” akasema, “mlinzi wa getini, baba yake yuko humo. Mwenye duka, watoto wake. Jirani yako wa ukuta mmoja, mumewe. Wote walikuja kuniomba, nikawakatalia. Sasa mimi niwapite niende kwa mama yangu?”

Kumbe ndiyo sababu jirani yangu hamwitikii salamu.

Akanishika mkono, tukatembea mpaka njia inapoishia. Pana kamba imefungwa mti hadi mti, na ng'ambo yake majani matupu, huoni hata pa kuweka mguu. Mdogo wangu akavua kofia ya kazi, akaiweka chini, akainua kamba.

“Pita, dada. Twende wote. Tukirudi, namkabidhi msimamizi wa hifadhi funguo zake, naacha kazi.”

Hakuwa anatania. Namjua tangu nikimbeba mgongoni. Na mimi nilitaka kupita, Mungu anajua nilivyotaka. Mguu mmoja ulikwisha kunyanyuka. Nikaishika ile kamba mkononi mwake, nikaishusha.

“Vaa kofia yako,” nikamwambia.

Nikasimama palepale, nikampa mama habari za nyumbani kwa sauti, kama unavyozungumza na mtu wa upande wa pili wa ua: nani kazaa, nani katangulia, mjukuu gani kaoa.

“Huyo waliachana,” mdogo wangu akanirekebisha taratibu.

Nikamwambia mama waliachana. Mwisho nikamwambia kwamba kitindamimba wake hajawahi kuja kumwona, na asimlaumu. Nyuma yangu nikasikia mtu akipenga kamasi.

Niliporudi mtaani sikuingia kwangu. Nilibisha kwanza kwa jirani, nikamweleza kwamba na mimi nimeishia kwenye kamba.