Nilimpasua Kuku wa Shangazi Nikitafuta Chakula cha Punda

Kosa ni langu, ndugu zangu. Nalisema mapema kabla hamjaanza kunitafutia visingizio, maana mimi mwenyewe nimevitafuta mwaka mzima na vyote vimeniishia mkononi.

Nilimwita mwizi mwanamke aliyenilea. Nilimwita mwizi kwa sababu ya punda!

Jina sitaji, kijiji sitaji. Jueni tu ni mkoa wetu wa Singida, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Ikungi. Mimi naishi Ikungi, kwenye mashine ya kukamua alizeti, ninakopima magunia ya wakulima. Atakayenitambua na anicheke. Nimestahili.

Mama yangu alifariki sijajua kutembea. Shangazi, dada yake baba, akanichukua mgongoni na hakunitua mpaka nilipoota ndevu. Nikizidisha, nimezidisha kidogo tu. Kisima chao kipo mbali, naye alibeba ndoo kichwani miaka yote hiyo mpaka shingo ikakataa. Ukimwita, anageuka mwili mzima.

Kwa hiyo nilipopata kazi, kitu cha kwanza nilichonunua ni punda jike wa kumbebea maji. Nikasimama mbele ya majirani nikatangaza kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Shangazi, kuanzia leo kichwa chako kipumzike!" Alipiga vigelegele, nadhani hata Manyoni walisikia.

Punda akafanya kazi miaka mitatu bila neno. Kisha akaanza kukonda. Alikonda huyo punda! Ungeweza kubandika gazeti ubavu wa kushoto ukalisoma ukiwa ubavu wa kulia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipovaa miwani. Mimi ni msomi wa madarasa ya jioni. Nilisoma miaka minne kwa koroboi, pua nyeusi tii, nikafaulu, na tangu siku ile hakuna maandishi yaliyopita mbele yangu salama. Nasoma vibao, nasoma vibiriti, nasoma mifuko ya saruji. Mtu wa namna hiyo ukimwambia punda amekonda, anakwenda kutafuta gunia la kusoma.

Na magunia yalikuwepo! Ni miaka hii ya karibuni milango ya biashara ilipofunguliwa. Zamani duka lilikuwa moja, la ushirika, na swali lilikuwa moja: kipo au hakipo? Ghafla Singida mjini kila mlango ukawa duka la pembejeo, na kila duka lina unga wa kunenepesha kitu fulani. Sikumwamini mwenye duka hata mmoja. Huyu anachanganya mchanga. Yule anashona upya magunia yaliyopitwa na muda. Yule mwingine anacheka mno, mtu mwaminifu hacheki hivyo! Nilizunguka maduka yale nikinusa, nikilamba, nikiuliza maswali ya polisi.

Mwisho nikaingia kwa mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa pale pale mjini, anayeongea Kinyaturu kunishinda mimi mwenye kabila. Alikuwa na unga wa madini wa ng'ombe wa maziwa, alikuwa na chakula cha kuku, na kwenye rafu ya juu alikuwa na gunia la kutoka ng'ambo lenye picha ya farasi mweupe anayekimbia. Ndani yake chembe za kijani, ngumu, mfano wa kinyesi cha mbuzi. Unampa mnyama kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni juu ya chakula chake cha kawaida, anapata kila kilichopungua mwilini. Ndivyo ilivyoandikwa. Nikaona farasi na punda ni ndugu, basi dawa ndiyo hii.

"Mnyama gani?" mzee akauliza.

"Punda. Anakula lakini hanenepi."

"Mdomo umetazama? Meno? Nenda kwa bwana mifugo kwanza afungue mdomo. Ukirudi nitakuuzia."

Jamani! Mwenye duka anafukuza mteja! Mimi nimeona mengi lakini hilo sikuwahi. Papo hapo nikajua kuna njama: ama gunia amemwekea mtu wake, ama yeye na bwana mifugo wanapeana wateja kama watu wanavyopeana kata ya pombe.

"Mzee," nikamwambia, "mimi nimesoma."

Akanitazama, akapanda ngazi, akashusha gunia. "Haya, msomi. Chukua."

Nikalifikisha kwa Shangazi kwa mbwembwe zote, nikamsomea kuanzia juu mpaka chini, hata anuani ya kiwanda. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, huyu punda anatafuna upande upande. Hebu mtazame mdomo."

"Shangazi, hapa pameandikwa protini!"

"Sawa, lakini mdomo wake haujui kusoma."

Nikacheka. Nikamwonyesha kikombe, nikamwambia achanganye na mashudu ya alizeti na pumba, nikarudi Ikungi nikijisifu njia nzima.

Baada ya mwezi nikarudi kumwona punda wangu mpya. Hakuwepo punda mpya. Alikuwepo yule yule, na mbavu zimeongezeka! Ila kuku wa Shangazi, ndugu zangu, walikuwa wamenenepa kama wakuu wa idara. Walitembea polepole, matako yanacheza.

Moyo ukaniambia: hapo.

 Nilichukua kalamu ya wino nikachora mstari ndani ya gunia, usawa wa chakula kilipofikia, nikahesabu vikombe hadi nitakaporudi. Niliporudi wiki mbili baadaye, chakula kilikuwa kimepungua sawasawa na hesabu yangu. Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi nikajisemea, kingepungua sana angekuwa mwizi wa kawaida. Kimepungua sawasawa, basi huyu anaiba kwa mpango! Oneni shaka yangu ilivyokuwa: hata ushahidi wa kumtetea niliufanya wa kumfunga.

Siku hiyo Shangazi alinichinjia kuku. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani, yeye anaandaa, ananiuliza habari za kazini. Nikaona kile kifuko cha shingoni cha kuku kimetuna. Nikasimama. Nikamwambia, "Lete kisu."

"Wewe? Tangu lini mambo ya jikoni yamekuwa yako, baba?"

Nikakipasua mwenyewe. Zikamwagika chembe za kijani, zimelowa lakini ni zenyewe!

"Shangazi, hii nini?"

"Si chakula hicho."

"Cha nani?"

Akatazama kisu mkononi mwangu. Nadhani hapo ndipo alipoelewa ninachotafuta. "Punda anatema," akasema. "Anatafuna, kinadondoka, kuku wanaokota. Nilikwambia utazame mdomo. Kaa hapa siku moja tu uone kwa macho yako."

Nikacheka kicheko cha mahakamani. "Punda atatema chakula cha ng'ambo? Hata mimi nisingekitema!"

Nikaenda kumwita balozi wa nyumba kumi, jirani yake, mzee anayemheshimu Shangazi kama dada. Nikamwonyesha zile chembe kwenye kiganja changu, nikasema mbele yake na mbele ya waliokuwa wakipita, "Huyu ni mwizi. Anamnyima punda ananenepesha kuku wake." Balozi aliangalia chini. "Kijana," akasema, "unajua unamwambia nani?"

"Ukweli hauna shangazi," nikajibu. Eti nimesoma!

Shangazi hakubishana. Aliosha mikono, akapika kuku yule, akatutengea mimi na balozi. Juu ya sahani yangu akaweka firigisi, kwa kuwa firigisi ni ya mwanamume wa nyumba. Balozi hakugusa. Mimi niliila! Niliitafuna na kuimeza huku nikijiona hakimu.

Kisha nikamfungua punda, nikamtwika gunia lake, nikaondoka naye. Zawadi niliyoitoa kwa vigelegele niliirudisha mwenyewe kwa kamba.

Ikungi nikamlisha kwa mkono wangu, vikombe vyangu, hesabu yangu. Asubuhi ya kwanza nikakaa mbele yake. Akaweka kinywa chakulani, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea, akatafuna, akatafuna, ute ukamtoka, halafu donge zima la chakula likadondoka chini. Paa! Akachukua lingine. Paa! Kuku wa jirani wakaja mbio kana kwamba wamealikwa.

Hata hapo shaka haikuniacha, naomba mniamini. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba Shangazi amemfundisha!

Nilimwita bwana mifugo siku ya tatu, baada ya kuchoka kupigana na macho yangu. Akamfunga punda kwenye mti, akampanua taya kwa kipande cha mti, akamulika tochi. "Njoo uone," akasema. Meno ya nyuma yalikuwa yameota ncha kama misumari, shavu kwa ndani limechanika, kidonda juu ya kidonda. Kila alipotafuna alijikata.

"Huyu hakupungukiwa na madini," bwana mifugo akasema. "Mashudu ya pale mashineni kwako yangemtosha. Tatizo hawezi kutafuna. Hivi nyumbani hakuna aliyeona?"

Nikamshikia kamba ya punda. 

Akayasaga meno kwa tupa ndefu, akaniambia nimlowekee mashudu mpaka kidonda kipone. Miezi miwili tu punda akajaa, akang'aa, akaanza kuniuma. Lile gunia lenye farasi bado lilikuwa na nusu.

Nilimrudisha kwa Shangazi nikiwa na wazee wawili wa ukoo. Nikapiga magoti uani pale pale. Nikasema yote, sikubakiza. Alinisikiliza vile vile alivyonisikiliza nikisoma gunia. "Nimekusamehe," akasema, na wazee wakafurahi. Nikamkabidhi kamba. Hakuipokea.

"Punda wako ni mzuri. Kaa naye."

"Shangazi, shingo yako..."

"Shingo ni yangu."

Punda yuko Ikungi, ananenepa bure. Shangazi anachota maji kwa ndoo.

Sasa ninyi mnaofuga, na ninyi mliojifunza kusoma ukubwani kama mimi mkaona dunia yote ni karatasi: kabla hujachagua gunia, funua mdomo wa mnyama. Na anayeshinda naye kutwa akikwambia jambo, keti chini umsikilize, hata kama hajui herufi moja. Mnyama wangu alipona kwa tupa. Hiyo ni sehemu rahisi.

Wiki iliyopita nilimpelekea Shangazi sukari. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akanipa kigoda. Nikamnyooshea mfuko. Akasema, "Subiri kwanza," akageuka mwili mzima kuelekea kwa jirani, akaita, "Balozi! Njoo mara moja! Kijana ameleta sukari kilo mbili, mfuko haujafunguliwa. Njoo uone kabla sijapokea."

Balozi akaja, akaona. Ndipo akapokea kwa mikono miwili, akasema ahsante.